Mbinu ya Mwisho ya Orval Tiedtke

Miaka ile, ukipeleka mahindi kwenye ghala la ushirika la Brandt, Nebraska, lori lako lilipimwa na Orval Tiedtke. Alikaa kwenye kijumba cha mzani tangu aliporudi kutoka jeshini hadi siku Bwana alipomwita, na hakuna mkulima aliyewahi kutoka pale akinung'unika kwamba amepunjwa. Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi, na maneno yake yalikuwa machache. Mkewe, Lorene, alikuwa akisema kwamba alimkubali kwa sababu ndiye kijana pekee aliyemwacha amalize kusema.

Lakini Brandt haikumjua Orval kwa mzani, ilimjua kwa mpira, ule wa Kimarekani unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Kila Ijumaa ya majira ya vuli alivua ovaroli, akavaa koti la kijani la shule, akaenda kusimama kando ya uwanja. Kocha mkuu, Merle Dvoracek, alishughulika na ulinzi. Ushambuliaji aliuacha wote kwa Orval, ambaye hakulipwa hata senti. Kabla ya kila mpira kuanza, Orval aligusa kofia, kifua, kiwiko, mkanda, na kule katikati kwotabeki, mchezaji anayeupokea mpira kwanza na kuugawa, alisoma ile mikono akajua mpira uende kwa nani. Wenzake kumi waliambiwa na yeye. Watu wengine wote uwanjani waliona mzee anajikuna.

Kwotabeki wa mwaka huo, 1987, alikuwa Tate Ruzicka. Shamba la kina Ruzicka lilikuwa limepigwa mnada mwaka uliotangulia, kama mashamba mengi wakati ule, na baba yake, Gene, mtu aliyekuwa na ng'ombe wake mwenyewe, sasa alikuwa akiosha mabehewa ya ng'ombe wa watu wengine. Mtoto hakuwa na njia ya kufika chuo kikuu isipokuwa mkono wake wa kulia. Kocha mmoja wa chuo, Bwana Ahlquist, alikuwa amekwisha kuja mara mbili kumtazama, na mara ya pili alimwachia mama yake namba ya simu. Kila Alhamisi Tate alikula jioni kwa Orval na Lorene. Sahani zikishaondolewa, Orval alipanga vichupa vya chumvi na vifuniko vya mitungi mezani, hawa walinzi, hawa washambuliaji, akamwuliza, "Ukiwakuta wamesimama hivi, unaona nini?" Tate akijibu vizuri alipewa kipande cha pili cha keki. Akikosea alipewa pia, lakini kidogo.

Sheria ya Merle ilikuwa moja, na kila mtu mjini aliijua: mchezaji habadilishi mbinu aliyopewa. Orval ndiye aliyeivunja, palepale mezani, kwa vichupa vya chumvi. Alimfundisha Tate kwamba akiona hatari ambayo benchi haijaiona, aguse masikio kwa mikono yote miwili, apaze sauti, ageuze mbinu.

Nusu fainali walicheza na Keswick, nyumbani, kwenye baridi inayokausha mate mdomoni. Zikabaki sekunde chache. Brandt walikuwa nyuma kwa pointi nne, yadi tatu tu kutoka kwenye mstari wa kufungia, na walikuwa na jaribio moja la mwisho la kuuvuka. Walikuwa pia na Lonnie Pohl, kijana mwenye mwili wa jokofu, ambaye kazi yake ilikuwa kukumbatia mpira, kuinamisha kichwa na kupasua katikati. Jukwaa zima lilikuwa likiimba jina lake. Lakini Tate alirudi nyuma, akarusha mpira kona ya kushoto. Ukapita juu ya vidole vya mwenzake, ukatua kifuani kwa mchezaji wa Keswick. Msimu ukaishia hapo. Watu walibaki wamesimama wakiutazama uwanja, kama waliosahau njia ya kwenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi Lorene alikwenda dukani kununua mdalasini. Wanaume watatu walikuwa wameegemea kaunta na vikombe vya kahawa.

"Ni kijana," alisema mwenye duka. "Mkono ulimtetemeka. Niliuona kutoka safu ya kumi."

"Wewe kutoka safu ya kumi hukuona hata ngazi, ulianguka," alisema Vernon Pohl, muuza matairi, baba yake Lonnie. "Ni Orval. Unamtuma mtoto akakuletee moto kwa mikono mitupu, halafu unamlaumu ameungua? Yadi tatu, na Lonnie amesimama pale. Hata mke wangu angempa Lonnie."

"Mkeo angempa Lonnie na sahani ya chakula."

Wakacheka kidogo. Kisha wakamwona Lorene, na wote watatu wakaanza kuzungumzia bei ya mahindi.

Aliporudi alimkuta Orval jikoni, bado na koti lake. Alianza kukanda unga wa mikate ya mdalasini, kwa kuwa Jumapili ilikuwa zamu yake ya kupika kanisani, na pilipili ya nyama, ule mchuzi mzito wenye maharagwe, bila mikate ile huko kwao si mlo.

"Dukani wanasema nini?" Orval aliuliza.

"Nusu wanasema wewe, nusu wanasema mtoto."

Lorene akaufunika unga kwa kitambaa. Ndipo Orval akasema, "Nilimpa Lonnie. Niligusa mkanda mara mbili. Tate aliibadilisha."

Lorene akaketi.

"Na alikuwa sahihi," Orval akaendelea. "Keswick walijazana katikati wote, Lonnie angevunjwa mbavu. Kona ilikuwa wazi. Yeye aliona, mimi sikuona. Mpira ulimponyoka tu, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nimemfundisha miaka mitatu aone kitu kimoja, na siku alipokiona..." Akaacha hapo.

"Kesho wakiitazama filamu ya mchezo watauliza."

"Watauliza."

"Merle akijua alibadilisha, chuo nacho kitajua. Gene atajua." Lorene alimfikiria Gene Ruzicka, na jinsi anavyomshika mwanawe bega anapokuwa na hasira. "Orval, mtoto wa watu asiraruliwe."

Mchana ule alipanda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amfunike Tate, aibu isimpate. Ndicho alichoomba. Na alichoomba alipewa.

Desturi ya Brandt ni kwamba mchezo wa Ijumaa hutazamwa tena Jumapili, baada ya ibada, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri. Kocha huendesha mashine ya filamu, wanaume hula na kuuliza, na aliyeshindwa hujibu. Siku hiyo viti havikutosha. Wachezaji walikaa mbele, Tate mwishoni mwa safu, sahani yake haijaguswa.

Merle alipofika kwenye mpira wa mwisho, Vernon Pohl alisimama na kijiko mkononi. "Rudisha hapo, Merle. Simamisha. Anafanya nini na mikono yake huyu? Anashika masikio. Anabadilisha?"

Merle akageuka polepole kumtazama Tate, na Gene naye akamtazama. Tate akafungua mdomo.

"Ni mimi," Orval alisema kutoka nyuma. Alisimama, mikono imening'inia. "Nilimwambia ajifanye anabadilisha, ili Keswick wababaike. Mbinu ilikuwa yangu toka mwanzo. Nilimwambia arushe kona. Alifanya alichoambiwa."

"Yadi tatu," alisema Vernon.

"Ndiyo."

"Na Lonnie yupo."

"Nilimwona Lonnie. Nilikosea, Vernon."

"Basi wewe ni mpumbavu kuliko nilivyodhani, na nilikuwa nimekupa alama nyingi."

Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kucheka. Lorene alikuwa amesimama nyuma ya sufuria na upawa. Alimwona Tate akifunga mdomo wake na kuinama. Alihisi kama mtu aliyeona maombi yake yanajibiwa mbele ya macho yake. Lakini alihisi pia, palepale, kwamba uongo ulikuwa umesemwa chini ya madhabahu, na mume wake, aliyepima mahindi ya watu hawa bila kuongeza wala kupunguza ratili, ndiye aliyeusema.

Asubuhi iliyofuata kibao cha NYUMBA INAUZWA kilikuwa kimechomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba yao. Hivyo ndivyo Brandt inavyomwambia kocha kwamba imemchoka. Lorene alikwenda kuking'oa akiwa na nguo ya kulalia na buti. Ardhi ilikuwa imeganda, hakikutoka. Orval alitoka na koleo, wakakichimbua pamoja, majirani wakitazama nyuma ya mapazia. Jioni Merle alikuja, akakataa kuketi.

"Wananibana, Orval. Mwaka ujao nitamchukua kijana wa kina Hobbs ashike ushambuliaji."

"Sawa."

"Husemi kitu?"

"Mfundishe kuangalia kona," alisema Orval.

Hayo yote aliyabeba. Lorene aliona hata kwamba alikuwa na wepesi fulani, kama mtu aliyelipa kitu na kupewa risiti. Jumatano akala chakula chote. Na Alhamisi, saa kumi jioni, gari lenye nembo ya chuo likasimama nje.

Bwana Ahlquist alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole. Alipokea kahawa, akaiweka mezani mahali ambapo vichupa vya chumvi vilizoea kupangwa.

"Nimeiona filamu kwa Merle," alisema. "Mpira ule wa mwisho nimeurudia mpaka akanichoka. Nina swali moja tu, Bwana Tiedtke. Ni kijana aliyebadilisha mbinu, au ni wewe?"

"Ni mimi," Orval alisema. Neno lilimtoka upesi, kwa kuwa lilikwisha kupata njia.

Ahlquist akashusha pumzi, akakunja mikono. "Pole yangu, basi. Nilitumaini utasema ni yeye."

Lorene aligeuka kutoka kwenye sinki.

"Uamuzi ule ulikuwa sahihi," Ahlquist aliendelea. "Mpira ulikwenda juu, sawa, lakini kurusha naweza kumfundisha mtu yeyote mwenye mkono. Kuona siwezi. Vijana wanaorusha vizuri ninao wanne. Nilikuja kutafuta mmoja anayeona."

Orval alikuwa ameushika ukingo wa meza. "Ni yeye," alisema. "Alibadilisha mwenyewe. Mimi nilimpa Lonnie Pohl, katikati. Tate aliona kona. Nilisema ni mimi ili watu wasimle mtoto."

Ahlquist alimtazama, na uso wake haukuwa na ukali. "Jumapili uliwaambia hivyo watu wako, kanisani?"

"Niliwaambia."

"Ukaweza kuwadanganya hao wote kwa ajili yake. Sasa mimi nitajuaje kwamba hunidanganyi kwa ajili yake, hapa jikoni kwako?"

"Ni kweli, Bwana," alisema Lorene. "Aliniambia Jumamosi, kabla ya yote."

"Wewe ni mkewe, Bi Tiedtke. Ningekuona wa ajabu kama usingesema hivyo."

"Muulize Tate mwenyewe," alisema Orval.

"Nimetoka kumwuliza shuleni. Amesema mbinu ilikuwa yako, yeye alifanya alichoambiwa." Ahlquist akainuka, akachukua kofia yake. "Simlaumu, wala wewe sikulaumu. Lakini mkuu wangu ataniuliza nimeona nini huku, na siwezi kumwambia nimeona kitu ambacho watu wawili waliokuwepo wameapa hakikutokea."

Kahawa ilibaki mezani, haijapungua.

Orval hakutaka kungoja. Waliingia kwenye gari lao la mizigo, wakaenda hadi nyumba ya kupanga ya kina Ruzicka kando ya reli. Darlene, mama yake Tate, aliwafungulia mlango, akamkumbatia Orval pale kizingitini. Gene akainuka kutoka kwenye kiti, akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mnada.

"Ulimsimamia mwanangu," Gene alisema. "Hilo sitalisahau."

Wakawekewa mikate ya nyama na kabichi. Orval alikula mmoja. Lorene alijua hauonji. Hapakuwa na mahali pa kuanzia, watu wanatabasamu vile. Mwishowe waliaga, na Tate akawasindikiza nje bila koti. Lorene alikuwa ameshaingia garini, dirisha likiwa wazi, akasikia yote.

"Kocha, yule bwana wa chuo alikuja leo," Tate alisema. "Aliniuliza. Nikasema vilevile ulivyosema wewe. Niliogopa nikisema vingine utaonekana mwongo."

"Najua. Alikuja na kwangu." Orval akashika mlango wa gari, hakuufungua. "Alisema uliona vizuri, Tate. Alisema uamuzi ulikuwa sahihi."

"Alisema hivyo?" Uso wa kijana ulifunguka wote. "Kwamba niliona?"

"Alisema kuona hakufundishiki."

"Kwa hiyo watanichukua."

Treni ya mahindi ilikuwa ikipita, na Orval alingoja behewa la mwisho lipite, au ndivyo alivyojifanya. "Hapana," akasema. Kisha akamweleza, moja kwa moja, bila kujitetea.

Tate alisikiliza, mikono kwapani kwa baridi. Alipomaliza kuambiwa akauliza kwa sauti ya mtu anayehakikisha hesabu, "Kwa hiyo kama ungenyamaza tu?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nasema."

"Nilikuona," alisema Orval.

Kijana hakumtukana. Lorene alitamani amtukane. Tate alitikisa kichwa tu, akasema, "Usiku mwema, Kocha. Bi Lorene," akarudi ndani. Alhamisi zilizofuata hakuja kula. Kabla ya Krismasi walisikia amepata kazi ya jioni kwenye machinjio ya Keswick, akitoka shule anaingia zamu.

Orval alikwenda kwa Mchungaji Lindgaard, akaungama. Mchungaji akamwambia maneno ya msamaha, kama ilivyoandikwa, na hayo maneno ni kweli, Lorene hakuwahi kuyatilia shaka. Orval naye alisema anaamini amesamehewa. Lakini Jumapili wengine walipokwenda Meza ya Bwana yeye alibaki kwenye benchi, magoti pamoja, na Lorene alipowahi kumwuliza, alijibu, "Mungu amenisamehe yake. Ya Tate iko wapi?" Usiku Lorene alipiga magoti. Aliomba, na safari hii aliogopa kuomba kitu chochote kwa jina, akasema tu, Bwana, Bwana, mpaka usingizi ukamchukua.

Mwezi wa pili, asubuhi yenye theluji, dereva mmoja alipandisha lori kwenye mzani, akangoja apewe uzito, hakupewa. Alipoingia kwenye kijumba alimkuta Orval ameinama juu ya meza kama anayesoma kwa karibu. Moyo ulikuwa umesimama.

Walimzika Jumamosi. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa kuliko siku ile ya filamu, na akina mama wakapakua pilipili ya nyama na mikate ya mdalasini, ambayo safari hii ilikandwa na wengine. Wanaume walikaa, wakamkumbuka, na kama ilivyotarajiwa, kabla ya kikombe cha pili walikuwa wamefika kwenye yadi tatu.

"Mtu mwema," alisema Vernon Pohl. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Mtu mwema kabisa. Lakini mbinu ile, Mungu amrehemu."

"Kila mtu ana moja mbaya," alisema Merle.

"Yake aliitunzia nusu fainali."

Lorene alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwao, mikono mapajani. Alimwona Tate akisimama. Alikuwa na suti ya baba yake, mikono ya koti imepita vidole, na alikuwa amekonda. Lorene aliyaona maneno usoni mwake kabla hayajatoka.

"Haikuwa mbinu yake," Tate alisema.

Wakageuka.

"Alimpa Lonnie. Niliibadilisha mimi. Mbele yenu hapa alisema uongo ili msinilaumu, na mimi nikanyamaza. Kocha hakukosea. Ni mimi niliyeurusha juu."

Lorene aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akingoja ukweli uwafikie, kama mtu anayetazama maji yakipanda shambani kupitia mfereji. Alimwona Merle akikunja kipaji. Alimwona Vernon akiweka kijiko chini, akiinuka, akimwendea kijana.

"Mmesikia huyu mtoto?" Vernon aliwaambia wenzake. Akamwekea Tate mkono wake mkubwa begani. "Mmesikia? Anambebea marehemu lawama zake. Mzee alimfundisha vizuri, lazima niseme."

"Ni kweli, Bwana Pohl. Ninawaambia ni kweli."

"Najua, mwanangu. Najua. Na sisi hatutasema tena, sivyo, Merle? Imekwisha leo. Hatutamsema tena Orval." Merle akakubali kwa kichwa, na wengine pia, taratibu, macho yao yamelowa kwa upendo.

Tate akamtafuta Lorene kwa macho, juu ya bega la Vernon. Lorene akainuka. Alitaka kusema, Niulizeni mimi basi, mimi najua. Lakini alikumbuka jibu alilopewa na Bwana Ahlquist jikoni kwake, na alijua watakalomjibu, tena kwa upole mwingi.

"Kaa, Bi Lorene," mtu alisema, akimsogezea kiti. "Usijichoshe. Leo si siku yako ya kusimama."

Vernon alikuwa ameshamkalisha Tate, akamwekea sahani mbele. "Kula," alimwambia. "Umekonda sana. Kula, mwanangu."